Shajara ya jiko la makaa ya mawe, Ngaramtoni: kufunga msimu wa baridi

Hali ya mradi

Jiko liko sebuleni kwa Bibi, Ngaramtoni, Arusha, upande wa Mlima Meru ukitokea barabara ya Namanga. Ni boksi la pleti ya milimita 5, ndani limejengewa matofali ya moto, chini lina wavu wa nondo na droo ya majivu. Bomba la moshi linatokea nyuma, linapiga kona moja, kisha linapanda wima mpaka juu ya mgongo wa paa. Linakula makaa ya mawe ya Ngaka, wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma. Makaa yakichelewa tunatumia vitofali vya Rafiki vya STAMICO, shirika la madini la taifa, ambavyo navyo vinatokana na makaa ya mawe. Lengo halijabadilika tangu tulipochora vipimo: Bibi asilale tena na jiko la mkaa chumbani. Arusha baridi ikibana, Juni na Julai, habari za namna hiyo hazikosekani. Watu wamejifungia na mkaa unaowaka, asubuhi hawaamki.

Kipupwe chote jiko limefanya kazi yake, na vipimo vya miezi hiyo nimeviandika kwenye kurasa za nyuma. Kuanzia hapa naandika kipindi ambacho kwangu ni kigumu kuliko baridi kali yenyewe: wiki za mwisho za kuwasha, na namna ya kulilaza jiko mpaka mwakani.

9 Agosti

Julai wingu lilikuwa halibanduki mlimani mpaka mchana. Sasa saa nne asubuhi jua limeshapiga bati. Kipimajoto cha nje kimesoma nyuzi 12 alfajiri na 24 alasiri. Mchana Bibi anavua shuka na kufungua dirisha; ikifika saa moja jioni anauliza mbona moto umepungua. Wote wawili, Bibi wa mchana na Bibi wa jioni, wana haki, na jiko ni hilo hilo moja.

Taabu ya makaa ya mawe ni kwamba hayakubali moto mdogo. Mkaa wa kawaida ukitia vipande vichache utachemsha chai yako na mambo yakaisha. Makaa ya mawe yanawaka yakiwa yamelundikana na kupeana joto. Tabaka likishuka chini ya sentimita 10 hivi, yanafifia na kuzima huku nusu yake bado nyeusi. Kwa hiyo huwezi kupunguza joto kwa kupunguza makaa. Unapunguza kwa hewa ya chini na kwa majivu. Wakati wa baridi kali nilikuwa natikisa wavu asubuhi na jioni mpaka nione kaa jekundu linadondoka kwenye droo, ndipo naacha. Sasa natikisa jioni tu, tena kidogo, majivu yabaki juu ya nondo na kuibana hewa inayopanda. Moto unalala bila kufa.

Na hapa nimeweka sheria ambayo sina mjadala nayo. Mlango wa hewa wa chini mtu anaweza kuubana atakavyo, lakini kifuniko cha ndani ya bomba hakifungwi kabisa, hata kama mtu anadai anatunza joto. Fundi alikitoboa tundu makusudi ili hata kikigeuzwa chote moshi uwe na pa kupita. Tundu hilo likizibwa na masizi lisafishwe siku hiyo hiyo.

16 Agosti

Leo mchana ulikuwa wa joto kuliko siku zote za wiki hii. Saa kumi jioni kengele ya kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, iliyo ukutani karibu na kiti cha Bibi, ilikuwa inasoma 34. Haikulia, na haikuwa mbovu. Kengele zilizotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hulia hewa hiyo ikifika sehemu 50 katika milioni na kukaa hapo kwa dakika 60 hadi 90; ikifika 300, hulia ndani ya dakika tatu. Zimepangwa hivyo zisilie ovyo. Lakini sebule yetu inapaswa kusoma sifuri, na Julai yote ilisoma sifuri.

Bibi alitoka kwenda kukaa kibarazani, milango na madirisha nikaviacha wazi. Namba iliporudi chini nikawasha kijiti cha udi nikakisogeza kwenye mlango wa hewa wa jiko. Hicho ndicho kipimo changu tangu tulipofunga bomba. Kwenye baridi moshi wa udi ulikuwa unanyooka na kuingia ndani kama uzi unaopita tundu la sindano. Leo ulipanda, ukayumba, ukanirudia usoni.

Bomba la moshi halina nguvu ya kwake. Hewa iliyo ndani yake ikiwa ya moto inakuwa nyepesi kuliko ya nje, inapanda, na ikipanda inavuta nyingine nyuma yake. Nguvu yote inatoka kwenye tofauti ya joto la ndani ya bomba na la nje. Usiku wa Julai nje kuna nyuzi 10 na bomba huligusi. Leo nje kulikuwa na 25, bati limechemka, na moto umelazwa kiasi kwamba bomba nililishika kwa kiganja bila kuungua. Tofauti imepungua, na mvuto umepungua nayo.

Kibaya zaidi, moto uliobanwa hewa ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, kwa sababu makaa hayapati oksijeni ya kutosha kuungua mpaka mwisho. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata kidogo kinatosha kumnyang'anya mtu pumzi yake akiwa anapumua vizuri tu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo hapa kwetu mtu anasingizia malaria au uchovu wa shamba. Mzee anayesinzia kwenye kiti hata hicho kichwa hatasema kinauma.

Ndiyo maana nasema jiko hili la kuliogopa ni la alasiri ya Agosti, wakati kila mtu ameshaanza kulisahau. Usiku wa Julai wote tunaliangalia, linavuta, linanguruma. Uamuzi wa leo: liwake sawasawa jioni, au lisiwake. Asubuhi ikiwa nje pameshapita nyuzi 18 saa nne, hatuongezi hata bonge moja; kilichomo kiachiwe hewa kiishe.

17 Agosti

Nimejaribu kuwasha upya saa kumi na mbili jioni, bomba likiwa baridi. Kwanza nilichoma magazeti mawili yaliyokunjwa kwenye kidirisha cha kusafishia, pale bomba linapoanzia. Udi ukanyooka. Ndipo nikawasha vijiti, kisha mkaa wa kawaida, kisha makaa ya mawe juu ya upande mmoja tu, upande mwingine ukiachwa mwekundu. Hilo la kuacha sehemu nyekundu ni la lazima kwa makaa ya Ngaka. Yana gesi nyingi, na ukiufunika moto wote kwa makaa mabichi gesi inajikusanya bila mwali wa kuiwasha, halafu inashika kwa mara moja na kukurushia moshi mlangoni. Ukiacha kaa jekundu wazi, miali inaonekana ikirukia gesi palepale inapotoka, na chumba kinabaki kisafi.

Kengele: sifuri usiku kucha.

23 Agosti

Mahindi yameanza kuingia, na mbegu ni lazima zihifadhiwe. Bibi amezoea kuning'iniza mahindi ya mbegu darini juu ya moto wa kuni, moshi uyalinde na bungua. Leo alitaka yapandishwe juu ya jiko hili kwa sababu lina joto zuri la ukavu. Nimemkatalia, na namna nilivyomweleza naiandika hapa kwa sababu najua wengine wataulizwa na wazee wao.

Makaa ya mawe si mti. Ni mwamba uliokuwa mimea zamani sana, na ndani yake kuna vitu vya ardhini: salfa, floraidi, risasi, aseniki. Mkoani Guizhou, China, familia nyingi zilikuwa zinakausha mahindi na pilipili juu ya majiko ya makaa ya mawe yasiyo na bomba. Floraidi ikatoka kwenye makaa na udongo uliochanganywa nayo, ikatua kwenye chakula, watu wakaharibika meno na mifupa. Sisi wa chini ya Meru floraidi tunayo tayari kwenye maji. Watu wa Maji ya Chai wanajua meno ya kahawia yanatoka wapi, na kituo cha utafiti wa kuiondoa kwenye maji kiko hapo Ngurdoto. Jiko letu lina bomba, lakini kila mlango ukifunguliwa kuna kinachotoka. Sioni sababu ya kuongeza kidogo hicho kwenye ugali.

"Basi yapeleke jiko la nje," Bibi amesema. Yako huko sasa.

Jioni jirani yetu akaja na ndoo. "Shikamoo Bibi. Nimefuata majivu ya maharage." Kila mwaka anachukua majivu kwetu, anachanganya na maharage ghalani dhidi ya wadudu. Nilimpa ya jiko la kuni, ndoo nzima, nikamwonyesha tofauti: ya kuni ni meupe na laini kama unga wa muhogo uliosagwa vizuri, haya ya jiko la ndani ni ya kijivu chekundu, yana vikokoto. Haya hayawekwi kwenye maharage, hayasuguliwi sufuria, hayamwagwi kwenye migomba. Yanakwenda kwenye shimo tulilochimba kando ya njia, mbali na mfereji na bustani, na yanafunikwa udongo.

Kabla ya shimo yanakaa kwenye debe la chuma lenye mfuniko, juu ya zege, nje. Kaa moja lililojificha kwenye majivu linaweza kubaki hai siku kadhaa, na ndoo ya plastiki au gunia halitakusubiri ulikumbuke.

31 Agosti

Leo ndiyo mwisho. Usiku mbili mfululizo nje hapajashuka chini ya 14, na Bibi amelala bila kuuliza moto. Kuna mtu angeendelea kuwasha usiku mmojammoja kwa ajili ya starehe, lakini kila kuwasha kwa namna hiyo ni bomba baridi, mvuto hafifu na masizi mapya. Kwenye nchi za baridi ndefu, kama kaskazini mashariki mwa Marekani, jiko la makaa linaweza kuwaka miezi mfululizo bila kuzimwa, na wenye majiko hayo wanajua kwamba likishaanza kuwashwa na kuzimwa kwa kubahatisha, msimu umekwisha.

Nimeliwasha kwa nguvu jioni nzima, hewa wazi, ili bomba lipate joto la kutosha kukauka mpaka juu. Baada ya hapo sikuongeza kitu. Mlango wa hewa wa chini uko wazi, kifuniko cha bomba kiko wazi, makaa yaishe yenyewe. Maji hayamwagwi. Maji yakikuta makaa mekundu yanatoa mvuke pamoja na kaboni monoksaidi na haidrojeni, na matofali ya moto yanapasuka. Kengele inabaki ukutani mpaka jiko liwe baridi kabisa kwa kuguswa, ndani na nje.

3 Septemba

Kazi ya leo imechukua siku nzima, na ndiyo kazi muhimu kuliko zote za mwaka.

Nilianza juu. Kofia ya bomba imetoka ikiwa na utando mweusi, mwepesi. Nikapitisha brashi ya waya iliyofungwa kwenye kipande kirefu cha bomba la plastiki, kushuka na kupanda, mpaka kilichokuwa kinadondoka kikawa vumbi. Chini, nilipofungua kona nyuma ya jiko, nikaona kilichokuwa kinaendelea tangu katikati ya Agosti: majivu laini, mepesi, yamejaa kwenye mkunjo na kubakiza upenyo wa vidole vitatu juu. Joto la nje lilipunguza mvuto, na kona hii ikaumalizia. Mwakani kona itafunguliwa mara moja katikati ya Julai, iwe inaonekana chafu au safi. Fundi atatuwekea kidirisha cha skrubu mbili hapo hapo kwenye mkunjo, maana kile cha chini hakifiki.

Kwenye maungio ya bomba kulikuwa na ukoko wa rangi ya manjano iliyopauka. Nikaukwangua kwa bisibisi. Chini yake kutu ilikuwa imeanza, vidoa vidogo vyenye kina, na harufu yake ni ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Hiyo ni salfa. Jiko likiwa linawaka halina neno, joto linalikausha. Likipoa, unyevu wa hewa unaingia, salfa iliyo kwenye masizi na majivu inageuka asidi, na asidi inakula chuma kimya kimya miezi yote ambayo hakuna anayeliangalia. Bomba lililovumilia moto wa baridi nzima linaweza kutoboka kwenye vuli likiwa limesimama tu. Kwa hiyo usafi huu haungoji Desemba wala haungoji "nikipata nafasi". Ni wiki ile ile moto ulipozimwa.

Ndani ya boksi nimetoa majivu yote, hata yaliyo nyuma ya matofali, kwa brashi ya mkono na kipande cha bati. Barakoa na miwani havikutoka usoni. Matofali sikuyaosha, yamefagiwa tu.

4 Septemba

Kuosha. Nimetumia magadi ya sokoni, haya haya ya kupikia makande, kwa sababu asidi inauawa na kitu kilicho kinyume chake, na magadi ni hicho. Ziwa Natron limejaa nayo na liko mkoa huu huu. Niliyayeyusha kwenye maji ya moto, nikavaa glavu za mpira, nikapaka kwa brashi ndani ya vipande vya bomba na kwenye kona. Pale penye ukoko wa manjano yalitoa vipovu vidogo kwa muda, kisha yakatulia. Nikarudia mpaka vipovu vikaisha. Halafu maji safi, halafu jua la mchana kutwa juu ya mabati.

Bomba lilipokauka nililisugua msasa penye kutu na kulipaka mafuta mepesi ya mashine, ndani na nje. Yataungua siku ya kwanza ya kuwasha mwakani na yatatoa moshi, kwa hiyo siku hiyo madirisha yawe wazi.

6 Septemba

Fundi amekuja kuangalia wavu. Nondo tatu za katikati zimepinda kushuka, upana wa kidole. Zilikuwa milimita 12, na majivu yakijaa kwenye droo mpaka kukaribia wavu, hewa baridi haipiti tena kuzipoza, chuma kinalegea.

"Dada, tuweke milimita 20," amesema, "tena tusizichomelee pande zote mbili. Upande huu tushike, upande huu tuache zikae kwenye mfereji tu. Nondo ikipata joto inarefuka. Ukiibana huku na huku, itakwenda wapi? Inapinda."

Nimeona ana hoja kabisa. Amechukua vipimo kwa futi yake, amechora kwa chaki kwenye sakafu, na ameahidi kukata akipata vipande vinavyofaa pale kwenye vyuma chakavu. Kamba ya kuziba ukingo wa mlango nayo imebonyea upande wa bawaba. Nilifunga mlango juu ya noti ya karatasi, nikaivuta ikatoka bila ubishi. Kamba mpya iwe kwenye orodha. Mlango unaovuja unaingiza hewa juu ya makaa, na makaa ya mawe yanataka hewa ya chini.

20 Septemba

Usiku wa jana baridi imerudi ghafla, upepo wa mlimani. Bibi aliuliza kama tunaweza kuwasha kidogo. Bomba liko chini, limefunguliwa, kwa hiyo jibu lilikuwa fupi. Alipata blanketi la pili na chupa ya maji ya moto miguuni, na mkaa haukuingia chumbani.

2 Novemba

Vuli imeanza. Bomba tulilirudisha wiki iliyopita, na juu ya kofia nimefunga waya wa kuku dhidi ya ndege na nailoni ngumu dhidi ya mvua. Kwenye mlango wa jiko nimebandika karatasi yenye maandishi makubwa, BOMBA LIMEFUNGWA JUU, asije mgeni akawasha kwa nia njema. Mlango wenyewe nimeuacha wazi kidogo, na ndani kuna bakuli la chokaa ya kukamata unyevu.

Baada ya mvua ya leo nimepitisha mkono. Boksi kavu, droo kavu. Pale bomba linapopita kwenye bati kuna mstari wa maji ulioteremka mpaka kwenye kona. Lami ya paa imepasuka, nimempigia fundi aje aipake upya kabla ya mvua ya pili. Makaa yaliyobaki yako stoo juu ya mbao, rundo dogo lisilofika kiunoni, limefunikwa. Rundo kubwa la makaa ya mawe lenye vumbi na unyevu linaweza kujichemsha lenyewe mpaka kushika moto. Ya mwakani nitaagiza mapema Machi, kabla masika hayajaharibu barabara ya kupandia huku.